Kuhesabu Kabla ya Kujenga

Neno kwa vijana wanaotaka kwenda kukaa mjini, na kwa wazazi wao. Someni Luka 14:28-30.



 Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya jambo linaloulizwa katika nyumba nyingi, hasa baada ya mavuno na baada ya majibu ya mitihani kutoka. Je, yafaa kijana huyu aende akakae mjini? Wengine huuliza juu ya Arusha, wengine juu ya Dodoma, na wengi zaidi juu ya Dar es Salaam. Kijana huuliza kwa hamu, mama huuliza kwa hofu, na baba mara nyingi huuliza huku akitazama zizini, akifikiri ni mnyama gani atakayeuzwa ili nauli ipatikane.

Swali hili halina jibu moja la kuwafaa watu wote. Twawajua watu waliokwenda mjini, mji ukawafaa, nao wakawafaa watu wa mjini. Twawajua wengine ambao mji uliwala nguvu zao kama moto ulavyo majani makavu. Tofauti yao si akili peke yake, wala si bahati. Bwana wetu alitoa mfano unaoweza kutusaidia. Alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, akiwa na busara, haanzi kwa kuchimba msingi. Huketi kwanza, akaipima mali yake kama itatosha mpaka mwisho. Asipofanya hivyo, msingi utakuwapo lakini mnara hautakuwapo, na watu wapitao watamcheka.

Twajua kwamba Bwana alinena hayo juu ya gharama ya kumfuata yeye, wala hatutaki kuibadili maana yake. Lakini mfano huo aliutwaa katika mambo ya kila siku, akionyesha kwamba kuketi na kuhesabu ni busara ambayo watu wote waijua. Tena tukiutazama vizuri twaona ndani yake mambo matatu: mnara unaotakiwa, hesabu, na kicheko cha majirani. Wahubiri wengi hunena juu ya yale mawili ya kwanza, na la tatu huliacha. Sisi leo twataka kuyatazama yote matatu.

I. Mnara unaotakiwa

Kwanza twasema wazi kwamba kutaka kuhama si dhambi. Wazee wetu walihama. Wairaqw walitoka Mama Isara, katika vilima vya Mbulu, nchi iliyojaa watu na mashamba, wakaja kidogo kidogo katika karne ya 20 mpaka wakazijaza nchi za Karatu. Hawakuja kwa kuzichukia nyumba za baba zao. Walikuja kwa sababu ardhi ya kwao haikuwatosha tena. Wamaasai nao wamehama tangu zamani kufuata maji na majani. Na mwaka 1959, nchi ya Serengeti ilipotengwa kuwa ya wanyama peke yao, wengi wao walihamia Ngorongoro. Mtu asiseme basi kwamba kuhama ni desturi mpya iliyoletwa na simu.

Tena sababu za kuhama zipo, na mzazi asiyeziona amefumba macho. Tuseme babu alikuwa na ekari 10. Akawagawia wanawe watano, kila mmoja akapata ekari 2. Mmoja wa wana hao ana wana wanne. Kila mmoja wao atapata nusu ekari. Nani atakayeoa, akazaa, akasomesha watoto, kwa nusu ekari ya mahindi na mbaazi? Katika eneo la hifadhi la Ngorongoro hakuna ruhusa ya kulima. Mwaka 1959 wakaaji wake walikuwa wapata 8,000, na katika miaka ya karibuni hesabu za serikali zimetaja watu wapata 100,000. Ukame wa miaka ya 2021 na 2022 uliua mifugo mingi katika nchi za kaskazini. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zimehamia Msomera, katika wilaya ya Handeni, na habari hiyo imekuwa na uchungu kwa wengi. Kwa hiyo kijana asemaye, "Hapa pamekuwa padogo," asiitwe mvivu kabla hajasikilizwa.

Lakini kijana naye na aulizwe: Mnara utakao kuujenga ni upi? Katika Mwanzo 13 twasoma jinsi Abramu na Lutu walivyoachana kwa sababu malisho hayakuwatosha wote. Abramu alimpa mwana wa ndugu yake ruhusa ya kuchagua. Lutu akalitazama bonde la Yordani, akaona lina maji mengi, akalichagua. Ardhi aliitazama vema. Habari za watu wakaao katika nchi ile hatusomi kwamba aliziuliza. Tena hakuingia Sodoma siku ile ile. Kwanza alisogeza hema zake karibu na mji, na baadaye twamkuta ameketi langoni pake.

Vijana wetu wa Karatu wako katika hatari ya kuchagua kama Lutu, maana njia kuu ya lami yapita mbele ya milango yao. Kila siku huyaona magari ya wageni yakipanda kwenda lango la Lodoare kuliona bonde la Ngorongoro, na wageni hao wameshiba, wamevaa vizuri, tena hawana haraka ya kazi. Jioni kijana hufungua simu yake, akaona picha ya mwenzake aliyekwenda Dar es Salaam, amesimama karibu na gari. Picha haisemi gari ni la nani. Haisemi aliyesimama pale alikula nini asubuhi. Jicho limeona maji ya bonde, basi moyo umekwisha kufunga safari.

Kijana, ukiulizwa waenda mjini kufanya nini, nawe ukajibu, "Nakwenda kutafuta maisha," jua kwamba bado hujautaja mnara wako. Maisha unayo hapa, umepewa na Mungu. Sema kazi unayokwenda kuifanya au kujifunza. Ukiweza kuitaja kazi hiyo kwa jina, hapo tutaweza kuketi nawe na kuhesabu.

II. Hesabu

Na tuhesabu basi, kama Bwana alivyotuonyesha. Yako mambo manne ya kuhesabu.

La kwanza ni kazi ya mikono yako. Mji wa Dar es Salaam umejengwa na wageni tangu mwanzo. Sultani Majid wa Unguja aliuanza katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani waliufanya kuwa makao makuu ya utawala wao. Jina la Kariakoo, soko lile mnalolisikia, latokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa vita ya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale. Wengi wa wapagazi wale walikuwa watu wa bara. Mahali hapo pangali hata leo pana watu wa bara wanaochukua mizigo ya wengine, maana asiye na ujuzi, mji humpa kwanza mzigo wa mtu mwingine. Fundi cherehani, fundi umeme, mwuguzi, dereva mwenye leseni, mtu ajuaye kuandika vitabu vya hesabu, hao wana kitu cha kuuza. Mwenye nguvu tupu anauza nguvu, na nguvu huisha. Kama ujuzi wako haujatosha, yafaa ujifunze kwanza hapa karibu, ndipo uende.

La pili ni fedha. Serikali ilipohesabu watu mwaka 2012, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Katika miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala, na maji, na chakula. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mara moja, na dalali naye hutaka chake. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni shilingi 300,000, na ukimpa dalali kodi ya mwezi mmoja, ni 350,000, kabla hujanunua godoro.

Tuendelee. Tuseme umepata kazi ya mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi. Ukiweka 50,000 kwa ajili ya chumba, na nauli ya daladala 1,200 kwa siku kwa siku 26 za kazi, ambayo ni 31,200, na chakula cha 3,000 kwa siku, ambacho ni 90,000 kwa mwezi, jumla ni shilingi 171,200. Mshahara umekwisha, tena umepungua kwa 21,200, nawe bado hujanunua maji wala sabuni wala dawa, wala hujatoa sadaka, wala hujatuma kitu nyumbani. Bei hubadilika, na kila mtu aandike hesabu yake kwa bei atakazozipata. Lakini aiandike kwa kalamu, asiihesabu kwa matumaini. Watu wawili wakipanga pamoja, au mtu akipata kazi karibu na malazi yake, hesabu hii hugeuka kabisa. Hata hivyo lazima ajue kabla ya kupanda gari.

La tatu ni watu watakaokupokea. Hapa yatupasa kujifunza kwa ndugu zetu Wamaasai. Morani atokaye Endulen kwenda Dar es Salaam kulinda nyumba usiku, mara nyingi haendi kwa watu asiowajua. Huenda kwa watu wa rika lake. Hao humwonyesha mahali pa kulala, humtafutia bwana wa kumwajiri, humwambia mtaa gani una wezi, na akiugua humpeleka hospitali. Wengi hulala katika chumba kimoja, wakawekeza fedha, wakanunua mbuzi na ndama kwao. Watu huwacheka kwa shuka zao, lakini katika jambo hili wamewashinda wasomi wengi. Kijana, ukifika kituo cha magari cha Mbezi saa 3 ya usiku, nani anakungoja? Kama jibu ni, "Nitampigia mtu simu nikifika," hesabu yako haijatimia.

Neno moja kubwa twalisema hapa kwa ajili ya binti zetu. Huja mtu kijijini, amevaa vizuri, anena kwa upole, akasema anatafuta msichana wa kufanya kazi za nyumbani mjini, tena atamsomesha. Wazazi hufurahi, wakampa binti. Je, mwamjua mtu huyo? Mwajua nyumba yake iko mtaa gani, na anasali wapi? Mshahara umeandikwa? Binti atakuwa na simu ya kuongea na mama yake peke yake, bila kusikilizwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtu ajaye kumtaka mtoto kama huyo, amekuja kuwashirikisha katika kuvunja sheria, na mbele za Mungu mtaulizwa juu ya mtoto huyo.

La nne ni nafsi yako mwenyewe. Mungu hakuwaumba watu wote kwa namna moja. Yuko mtu ambaye kelele za mjini humwamsha. Hupenda kukutana na watu wapya, hupenda ushindani, na joto halimsumbui. Mtu huyo akikaa kijijini husinzia. Yuko mwingine ambaye asipoamkiwa asubuhi hudhani amechukiwa, na mjini watu elfu watampita bila kumwamkia, wala si kwa ubaya. Huyo wa pili si mdogo kuliko wa kwanza. Tena jiulize: Hapa nikikosa ibada Jumapili mbili, mzee wa kanisa atakuja kuuliza kama ni mgonjwa. Kule hakuna atakayekuja. Je, nitaamka mwenyewe? Wako watu ambao imani yao ilikomaa mjini, kwa kuwa pale hawakushikwa mkono na mtu, wakajifunza kusimama. Wako waliogundua kwamba kilichowasimamisha nyumbani kilikuwa macho ya majirani tu. Ujue wewe u wa namna gani.

Lakini mtu atajijuaje kabla hajafika? Musa alipotaka kuijua nchi iliyo mbele, aliwatuma watu 12 waikague kwa siku 40, waone watu wake na miji yake na matunda yake, ndipo warudi waseme (Hesabu 13). Hawakubeba hema wala kuchukua watoto. Twaona njia hii ni njema. Ikiwa una ndugu mjini, nenda kwake wiki tatu au nne baada ya mavuno. Usiende kutembea tu. Amka alfajiri pamoja na wanaokwenda kazini, panda daladala pamoja nao, uliza bei, uliza mishahara, nenda kanisani kwao. Kisha rudi nyumbani, uketi, useme kweli uliyoiona. Uamuzi unaofanywa hapo una macho. Uamuzi unaofanywa kwa picha za simu hauna.

III. Kicheko cha majirani

Sasa twafika kwenye jambo la tatu, na hili twalisema zaidi kwa ninyi mkaao nyumbani.

Tunamjua kijana mmoja wa sharika zetu, ambaye jina lake hatulitaji. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili aende Dar es Salaam. Siku ya kuondoka walialikwa watu, wakaimba, wakamwombea. Alipofika, kazi aliyoahidiwa haikuwapo. Akachukua mizigo sokoni. Baada ya mwezi baba alipiga simu, akauliza, "Kazi yaendaje?" Kijana akaona haya kwa ajili ya ng'ombe wale wawili, akajibu, "Yaendelea vizuri, niko ofisini." Tangu siku hiyo alifungwa na neno lake. Watu wa kwao wakaanza kumwomba fedha, maana yuko ofisini. Akakopa ili kutuma. Mwaka wa tatu baba alifariki, na kijana hakuja kumzika. Watu wakasema mji umemharibu, amemsahau baba yake. Kumbe hakusahau. Hakuwa na nauli, wala hakuwa na nguo ya kusimama nayo mbele ya watu waliomwimbia. Baadaye alimwambia mchungaji wa kule kwamba siku ile ya maziko aliketi nyuma ya magunia, akalia tangu asubuhi hata jioni, na alipoulizwa na wenzake, alisema macho yanamwuma.

Wapendwa, ni nini kilichomfunga mtu huyu? Umaskini peke yake haukumfunga, maana maskini aweza kurudi kwao kwa miguu. Kilichomfunga ni kicheko. Bwana wetu alikijua kicheko hicho. Ndiyo sababu alikitaja katika mfano. Mjenzi asiyemaliza ana hasara ya mawe na chokaa, kisha ana hasara iliyo kubwa zaidi, ya kusimama mbele ya wale wanaomwonyesha kwa kidole. Aliyechekwa hujifunza kusema uongo, na mwenye uongo hawezi kusaidiwa, maana hakuna ajuaye ugonjwa wake.

Basi mwataka vijana wenu waamue kwa kweli kama mji wawafaa au hauwafai? Ondoeni kicheko. Maana mtu ambaye hawezi kurudi hajachagua kukaa; amefungiwa tu. Anayejua kwamba mlango wa kwao uko wazi aweza kuutazama mji kwa macho makavu, akasema, "Hapa panifaa, nitakaa," au akasema, "Hapa hapanifai, narudi," na maneno yote mawili yakawa ya heshima.

Katika kitabu cha Ruthu twasoma habari za Naomi. Aliondoka Bethlehemu pamoja na mumewe na wanawe wawili wakati wa njaa, akaenda nchi ya Moabu kutafuta riziki. Alirudi mjane, wanawe wamekufa, mikono yake mitupu, naye mwenyewe alikiri hivyo mbele ya wanawake wa mji. Je, walimfukuza? Alirudi wakati wa mavuno ya shayiri, na katika mashamba ya ndugu zake palikuwa na masuke kwa ajili yake na kwa ajili ya mkwewe mgeni. Kwa mkwewe huyo mgeni, aliyeokota masuke, alizaliwa babu yake mfalme Daudi. Kama Bethlehemu ingalimcheka Naomi, ingalijifukuzia baraka yake yenyewe.

Kwa ajili ya mlango huo twawasihi wazazi jambo moja: Msiuze shamba ili kumpeleka mtoto mjini. Uzeni mbuzi, uzeni mahindi, uzeni vitunguu vya Mang'ola, mkope kwa ndugu mkilazimika, lakini udongo msiuuze. Mnyama huzaliwa mwingine, ardhi haizaliwi. Mlijifunza jambo hili mwaka 2020. Wageni waliokuja Tanzania mwaka 2019 walikuwa wapata milioni moja na nusu. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa ule ulioenea duniani pote, walipungua hata kuwa wapata 620,000. Madereva, wapishi na watumishi wa hoteli walirudishwa nyumbani bila mshahara. Wale waliokuwa na shamba walishika jembe, wakala. Wale waliokuwa wamekwisha kuuza walilazimika kuomba. Nao wote walikuwa watu wenye akili na bidii. Waliachana katika jambo moja tu, yaani udongo.

Na wewe kijana, mlinde mwenzako kwa kweli yako. Ukiwa mjini nawe walala njaa, usiwatumie wenzako picha ya gari lisilo lako. Picha hiyo itampandisha mwingine gari la abiria, na taabu yake itakuwa juu yako.

Maneno kwa walimu na wazee wa sharika

Walimu, ninyi ndio mnaowajua vijana kwa majina na nyumba zao. Twawaomba mfanye mambo matatu.

Kwanza, kijana akitaka kuondoka, mketi naye pamoja na wazazi wake, mwandike hesabu ile kwenye karatasi: kazi, fedha, watu, na nafsi yake. Msimkataze wala msimsukume. Mwacheni aone tarakimu mwenyewe.

Pili, asiondoke bila barua ya usharika. Kanisa letu lina sharika nyingi Arusha na Dodoma, na Dar es Salaam pia, tangu kanisa la kale la Azania Front karibu na bandari hata sharika mpya za pembezoni. Barua isiwe karatasi ya kuwekwa mfukoni tu. Mpigieni simu mchungaji au mwinjilisti wa kule, mkamtajie jina la kijana na siku atakayofika. Morani ana rika lake. Je, Mkristo hana? Ubatizo mmoja na meza moja ya Bwana havikuwekwa ili tuwe wageni mtu kwa mwenzake katika kituo cha magari.

Tatu, mtu akirudi, siku ya kwanza msimwulize ameleta nini. Mwulizeni amejifunza nini. Twamjua mmoja aliyekaa Dar es Salaam mwaka mmoja, akaona hapamfai, akarudi. Fedha hakuleta, lakini kule alikuwa amefanya kazi kwa fundi wa mashine za kuvutia maji. Leo wakulima wa vitunguu wa Mang'ola humtafuta mashine zao zinapokufa, naye ana wanafunzi wawili. Kama angalichekwa siku ile ya kwanza, angalirudi mjini kwa aibu, na ujuzi wake ungalipotea sokoni.

Na ninyi wana wetu ambao mji umewafaa, mkaao huko kwa kazi njema, hatuwaiti mrudi kwa nguvu. Nabii Yeremia aliwaandikia watu wa Yuda waliochukuliwa Babeli, nao walikuwa wamepelekwa kwa lazima, wala si kwa kuchagua. Hata hao aliwaambia wajenge, wapande bustani, waoe na kuolewa, waitakie heri miji waliyomo na kuiombea kwa Mungu (Yeremia 29). Ikiwa mateka waliambiwa hivyo, ninyi mliokwenda kwa hiari mna wajibu mkubwa zaidi. Msiishi mjini kama watu wanaongoja gari. Mpendeni jirani asiye wa kabila lenu, lipeni kodi, tunzeni mtaa, ingieni usharikani kwa jina lenu la kweli. Tena atakapofika mgeni kutoka Karatu au Ngorongoro na mfuko wake mmoja, mpokeeni, kwa maana ninyi pia mlifika hivyo.

Bwana wetu mwenyewe alikulia Nazareti, mahali padogo ambapo watu walipadharau, na alipofika Yerusalemu aliulilia mji ule, maana aliwapenda watu wake. Hakuuogopa mji wala hakuupendelea. Alikwenda mahali Baba alipomtuma. Ninyi nanyi, ketini kwanza, ombeni, mhesabu, mwulizane kwa upendo katika nyumba zenu. Atakayekwenda na aende na baraka, atakayebaki na abaki bila kuonewa haya, na atakayerudi akute moto unawaka na kikombe chake kiko mahali pake.

Mungu Baba awalinde ninyi nyote, mlio njiani na mlio nyumbani, kwa Kristo Bwana wetu. Amin.